Nusu Tani Mlangoni: Safari ya Mashine Nzito ya Useremala Hadi Uani

Seremala anayenunua mashine iliyotumika huuliza yale yale: mota ina nguvu za farasi ngapi, visu vina upana gani, beringi zinalia au zimetulia, bei ya mwisho ni ngapi. Wachache huuliza uzito. Swali hilo huja baadaye, lori likiwa limeshasimama mbele ya geti, dereva akipiga honi kwa kuwa ana safari nyingine, na vijana sita walioitwa kijiweni wameizunguka mashine wakitafuta pa kushika. Hapo ndipo uzito unapojulikana, na kwa wakati huo karibu maamuzi yote yaliyofaa kufanywa yamekwisha kupita.

Namzungumzia seremala wa nyumbani wa miji yetu: mwenye banda la mabati uani Mbagala, chumba cha mbele kilichogeuzwa karakana Tanga, au kibaraza kilichozibwa kwa matofali Kisauni. Hana foko wala winchi, na sakafu yake ilimwagwa kwa ajili ya kukaa watu. Wenzake wa Keko jijini Dar es Salaam, ambako karakana za samani zimepakana, wana angalau majirani wenye uzoefu na vifaa vya kuazimana. Ninachotaka kumwambia ni hiki: mashine ya nusu tani haihamishwi kwa nguvu za watu wengi. Huhamishwa na watu watatu wenye muda, mitaimbo miwili, mabomba kadhaa na rundo la vipande vya mbao, na hakuna haja ya kuiinua kwa mara moja zaidi ya upana wa kiganja.

Tuanze na uzito wenyewe, kwa sababu haukuwekwa kwa uzembe. Mwili wa mashine nzuri ya useremala ni chuma cha kusubu, yaani chuma kilichoyeyushwa na kumiminwa kwenye kalibu. Mita moja ya ujazo ya chuma hicho ina kilo zipatazo 7,200; mchemraba wenye pande za sentimita 30, unaoweza kukaa juu ya stuli, unakaribia kilo 195. Ndani yake mna chembechembe za grafiti zinazomeza mtikisiko. Kisu kinachozunguka maelfu ya mara kwa dakika hutikisa kila kilichokishika, na mtikisiko huo huonekana juu ya mbao kama mawimbi madogo ambayo msasa huyaondoa kwa taabu. Kampuni kama Wadkin ya Leicester, Uingereza, iliyoanza mwaka 1897, zilijijengea sifa kwa kumwaga chuma kingi, na ndiyo sababu mashine zao za miongo mingi iliyopita bado zinatafutwa. Anayenunua mashine ya namna hiyo ananunua utulivu, na utulivu huo ni kilo.

Lakini chuma cha kusubu kina tabia ambayo kila mhamishaji anapaswa kuijua kabla hajagusa spana. Hustahimili kugandamizwa mara tatu hadi nne kuliko kinavyostahimili kuvutwa, na hakipindi kabla ya kuvunjika. Kikipigwa na mshtuko, hupasuka bila kutoa onyo. Kukiunga si kazi ya fundi wa mageti na madirisha: hutaka kipashwe moto kwanza, kiungwe kwa fimbo maalumu zenye nikeli, kisha kipoe taratibu, la sivyo ufa mpya huzaliwa kando ya ule uliozibwa. Kwa hiyo mashine inayoonekana haiwezi kuumizwa na chochote inaweza kufa kwa kudondoka sentimita kumi tu, upande mmoja, juu ya jiwe.

Yafaa pia kusema kwamba si kila seremala anahitaji kuingia katika shida hii. Randa ndogo za umeme za kuwekwa mezani, mfano Makita 2012NB, hazifiki kilo 30, na mtu mmoja huzibeba kutoka kabatini hadi mezani. Anayetengeneza meza chache kwa mwezi kwa mbao za Sao Hill zilizokwisha kupasuliwa vizuri anaweza kuishi nazo miaka mingi. Mashine nzito inamfaa anayepokea mbao ngumu na pana, mninga au mkongo, kila wiki, na anayetaka uso wa mbao utoke ukiwa umekaribia kumalizika. Kama kazi yako haijafika hapo, subiri.

Kwa aliyeamua, kazi ya kuhamisha huanza siku ya kwenda kuitazama mashine. Kibati cha mtengenezaji mara nyingi huonyesha uzito. Kisipouonyesha, jina na namba ya modeli vitakusaidia kuupata. Pima upana wa mashine, kisha upime geti, kichochoro na mlango wako. Milango mingi ya nyumba zetu ina sentimita 80 au 90 kabla ya fremu na bawaba kula sehemu yake, na mashine nyingi za viwandani ni pana kuliko hapo hadi zivuliwe meza zake za pembeni. Muulize anayeuza ilivyoingia alipo. Jibu lake litakueleza pa kufungua, pa kushika, na wakati mwingine litakueleza kwamba ukuta ulijengwa baada ya mashine kuwekwa. Hilo hutokea, na likitokea ni lazima liwe sehemu ya bei.

Siku ya kuichukua, ivuliwe. Hapa ndipo muda mwingi unapaswa kwenda, na hapa ndipo wengi wanapouona kama umepotea. Toa visu na misumeno kwanza, kwa sababu ya vidole. Toa mota kama imefungwa kwa boliti nne zinazofikika. Mota ya nguvu za farasi tatu peke yake ni mzigo wa kilo 30 hivi. Toa meza za pembeni, reli ya kuongozea mbao, milango na vifuniko vyote vinavyoweza kufunguka njiani. Kila hatua piga picha kwa simu, hasa nyaya kabla hazijaachana, na boliti za kila sehemu zirudi kwenye matundu yake au ziingie kwenye mfuko wake wenye maandishi. Mashine ya kilo 450 inaweza kushuka hadi 300 kwa asubuhi moja ya spana.

Kila aina ina mahali pake pa udhaifu. Mashine ya randa yenye meza mbili ndefu isinyanyuliwe kamwe kwa kushika meza hizo. Zinaonekana kama mikono iliyotengenezwa kwa ajili ya kubebea, ila zimekaa juu ya njia zilizochongwa kwa usahihi mkubwa, na ukizivuta zinalegea au zinainama. Tangu siku hiyo mashine hainyooshi tena mbao. Mashine ya kupunguza unene ina meza inayopanda na kushuka juu ya skrubu: iteremshe hadi ikae juu ya magogo mawili ya mbao, ili mashimo ya barabarani yabebwe na mbao, si na skrubu. Msumeno wa meza ugeuzwe hadi nyuzi sifuri na mhimili wa diski yake uteremshwe chini. Mashine ya kukereza hubeba uzito mwingi upande mmoja, kwenye kichwa chenye mota, na kichwa cha pili kisipofungwa au kuvuliwa hujitelezea chenyewe wakati wowote mzigo ukiinama.

Msumeno wa mkanda unastahili maneno zaidi, kwa kuwa ndio unaoangusha watu. Ni mrefu, tako lake ni dogo, na gurudumu zito la juu limekaa kwenye kimo cha kifua au zaidi. Chukua msumeno wenye tako la sentimita 45 na kitovu cha uzito kilicho sentimita 90 kutoka chini. Nusu ya tako ni sentimita 22 na nusu, robo ya kimo cha kitovu. Maana yake mashine hiyo ikiinama nyuzi 14 tu, haitarudi tena. Nyuzi 14 ni mwinamo ambao hata mbao ya kupandishia mizigo kwenye gari huzidi mara nyingi. Kwa hiyo mashine kama hii husafiri ikiwa imelazwa kwa mgongo juu ya godoro kuukuu, meza ikiwa imevuliwa, au husimama ikiwa imefungwa pande nne kwa mikanda na mtu mwenye akili timamu kasimama mbali na upande inaoweza kuangukia. Nyingi zina pete juu, iliyowekwa na mtengenezaji kwa ajili ya ndoano ya winchi. Winchi ikiwepo, pete hiyo ndiyo mahali pake pekee.

Sasa tuje kwenye desturi yetu ya kuita watu. Hesabu inayofanywa kichwani ni nyepesi: kilo 300 kwa watu sita ni kilo 50 kila mmoja, na nani hajawahi kubeba mfuko wa saruji? Shirika la Kazi Duniani lenyewe, katika pendekezo lake la mwaka 1967, liliweka kilo 55 kama kikomo cha mzigo wa mwanamume mzima. Inaonekana kama tumo ndani ya kikomo. Ila ile ni idadi ya juu kabisa, na wataalamu wa usalama kazini wa Marekani, katika kanuni yao ya mwaka 1991, walianzia kilo 23 hata kwa mzigo ulio karibu na mwili, wenye pa kushika vizuri, na usiohitaji kujipinda. Mashine haina sifa hata moja kati ya hizo.

Zaidi ya hapo, mzigo haugawanyiki sawa. Meza ya miguu minne ikiwekwa kwenye sakafu isiyo sawa, hukaa kwa miguu iliyogusa chini na kuuacha mwingine ukining'inia. Watu wanne wanaoshika pembe nne za chuma kisichopinda wako vivyo hivyo: mmoja akiwa mfupi, au akikanyaga shimo, wawili waliokabiliana kwa mshazari hujikuta na karibu uzito wote. Kwa mashine ile ya kilo 300, kilo 75 za kila mmoja huwa 150 ghafla, tena kwa mtu ambaye mgongo wake ulikuwa tayari kwa nusu yake. Kwenye ngazi au mteremko mambo huzidi, maana aliye chini ndiye anayebeba.

Na kuna jambo ambalo linanisumbua kuliko hayo yote. Kikundi kinachonyanyua hakiwezi kuachia salama. Wa kwanza kuchoka ana njia mbili: avumilie hadi misuli ikatike, au aachie na kuwatupia wenzake sehemu yake. Tunapenda kuimba tunapofanya kazi nzito, na wimbo huo una maarifa makubwa ndani yake, kwa sababu unakusanya nguvu za watu wengi katika nukta moja ya wakati. Wajenzi wa majahazi wa Nungwi, kaskazini mwa Unguja, hukishua chombo kizima hadi baharini kwa namna hiyo, juu ya magogo, watu wakivuta kamba kwa mwito mmoja. Lakini tazama kinachotokea wakichoka: wanaachia kamba, na chombo kinakaa palepale kilipo. Wimbo ni wa kuvuta. Kwenye kunyanyua, kuachia ni kuangusha, na hakuna mwito unaoweza kubadili hilo. Tumerithi nusu ya ujuzi wa pwani, ile sauti, tukaacha magogo.

Magogo ndiyo ninayotaka tuyarudie. Chukua mtaimbo wa mita moja na nusu, uweke egemeo, kipande cha mbao ngumu, sentimita kumi kutoka ncha yake. Mkono mmoja wa wenzo una sentimita 10, mwingine 140. Kila kilo unayobonyeza inakuwa 14. Mashine ya kilo 500 ikiinuliwa ukingo mmoja tu, ukingo huo ni kama kilo 250, na mtu anayebonyeza kwa kilo 18 anautoa sakafuni. Ni nguvu ya kijana wa miaka kumi na minne. Mwenzake anasukuma kipande cha mbao chini ya ukingo, kwa fimbo na si kwa mkono, kisha mtaimbo unalegezwa. Wanahamia upande wa pili. Sentimita mbili huku, sentimita mbili kule, na kila kilichopanda kinaegemezwa papo hapo, ili mtaimbo ukiteleza mashine idondoke unene wa kidole na si zaidi. Vipande vya mbili kwa nne vikipangwa kwa kukingamana, viwili hivi na viwili vile, vinaweza kuipandisha mashine hadi kimo cha kitanda cha gari bila mtu yeyote kubeba chochote. Ni kazi ya saa nzima. Katika saa hiyo hakuna hata nukta moja ambayo maisha ya mtu yanategemea kushika kwa mwenzake.

Ikishapanda sentimita tano, mabomba yanaingia. Kuburuta nusu tani juu ya saruji kunataka nguvu ya kilo 200 hadi 250, kwa sababu msuguano wa mbao na saruji hula karibu nusu ya uzito. Juu ya mabomba ya maji ya inchi moja na nusu, kwenye sakafu laini, msukumo wa kilo 20 hadi 30 unatosha. Yawe matano au sita, matatu yakiwa chini wakati wote, na linalotoka nyuma lirudishwe mbele. Kupinda kona ni kugonga bomba la mbele kwa nyundo hadi likae mshazari, mashine itafuata. Kwenye sakafu yenye mteremko hata mdogo, mtu mmoja asifanye kazi nyingine yoyote isipokuwa kutembea na kabari mbili za mbao, moja kila mkono.

Mchanga ni habari nyingine. Mitaa mingi ya pwani haina lami, na bomba kwenye mchanga huzama badala ya kuzunguka. Suluhisho la kawaida ni vipande viwili au vitatu vya plaiwudi nene vinavyotangulizwa kwa zamu, mabomba yakitembea juu yake. Lipo na jingine la kale zaidi. Katika kaburi la mkuu wa jimbo wa Misri ya kale aitwaye Djehutihotep, mnamo miaka 1900 kabla ya Kristo, kulichorwa sanamu kubwa ikivutwa juu ya sleji, na mtu amesimama mbele yake akimwaga kimiminika mchangani. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Amsterdam walipima na kukuta kwamba mchanga uliolowa kwa kiasi sahihi hupunguza nguvu ya kuvuta hadi karibu nusu, kwa kuwa maji hushikamanisha chembe na mchanga haurundikani mbele ya mzigo. Ndoo mbili za maji zinaweza kuokoa misuli ya vijana wawili, ilimradi usimwage hadi pawe tope.

Visiwani, sehemu ya safari huwa ya majini, na huko wenyeji wanalijua jambo ambalo wa bara hulisahau: kungoja ni kifaa. Wakati wa bamvua, maji ya pwani yetu hupanda na kushuka mita tatu na zaidi. Mashine inayoelekea Lamu, ambako punda bado wanafanya kazi ambazo kwingine hufanywa na magari, ikifika gatini wakati wa maji kupwa, ni lazima ipandishwe ukuta. Ikingojewa saa chache, chombo kinainuka hadi ubavu wake ulingane na gati, na mashine inatoka kwa kuvingirishwa. Bahari imenyanyua nusu tani bila malipo. Ndani ya Mji Mkongwe wa Unguja, ambako vichochoro vingi havipitishi gari, mkokoteni wa hamali unabaki kuwa chombo bora kuliko lori, mradi mashine imevuliwa hadi mafungu yanayolingana na mkokoteni.

Lakini kwa walio wengi, hatari kubwa iko kwenye kushusha garini. Kwanza gari lenyewe. Kirikuu, kale kagari ka Kijapani kanakobeba kila kitu mjini, kaliundwa kwa kikomo cha kilo 350 kwa mujibu wa sheria za Japani. Mashine ya kilo 500 juu yake inamaanisha breki zisizotosha na gari linaloyumba kila kona. Bora mashine iliyovuliwa isafiri kwa safari mbili, au ikodiwe gari kubwa zaidi. Bora kuliko yote, pale fedha inaporuhusu, ni lori lenye winchi. Gharama yake inaonekana kubwa hadi uilinganishe na bei ya mashine iliyopasuka, au ya mguu. Hata hapo kuna la kujua: mikanda miwili inayokutana kwenye ndoano ikisimama kwa nyuzi 60 kutoka usawa, kila mmoja hubeba asilimia 58 ya uzito, ikilala hadi nyuzi 30, kila mmoja hubeba uzito wote. Mikanda mifupi inaonekana nadhifu, ila ndiyo inayokatika.

Pasipo winchi, hutumika mbao za kuteremkia. Kitanda cha kirikuu kiko kama sentimita 65 kutoka chini. Kwa mbao za mita 2.6, mashine ya kilo 300 iliyo juu ya mabomba itataka kushuka kwa nguvu ya kilo 75. Kwa mbao za nusu ya urefu huo, nguvu hiyo ni kilo 150. Kila nusu mita unayoongeza kwenye mbao unaipunguza kwenye mikono ya watu. Ziegemezwe katikati kwa matofali zisipinde. Na mashine isishushwe na watu waliosimama chini wakiizuia kwa mabega, kama tunavyoona kila siku. Ishushwe kwa kamba iliyofungwa mwilini mwake, ikazungushwa mara mbili kwenye mti imara, nguzo, au ndoano ya gari jingine lililozimwa na kuwekewa mawe. Mabaharia wanalijua hili kwa mikono yao, na mwanahisabati Leonhard Euler aliliandikia kanuni katika karne ya 18: msuguano wa kamba unaongezeka kwa kuzidisha, si kwa kujumlisha. Mizunguko miwili tu humwezesha mtu mmoja kuzuia mzigo mara ishirini na zaidi ya nguvu anayoishika nayo kamba. Kilo 75 za mashine zinakuwa kilo nne mkononi. Hakuna mtu anayepaswa kuwa chini ya mashine inayoteremka, na kwa kamba hiyo hakuna sababu ya kuwepo.

Kwa nini basi njia hizi rahisi hazitumiki? Nadhani tatizo lipo kwenye malipo. Vijana wa kijiweni hulipwa kwa kazi: shusheni hii, mpate kiasi hiki, mgawane. Malipo ya namna hiyo yananunua haraka. Wakimaliza kwa dakika kumi, wamepata vizuri. Wakitumia saa tatu kupanga mbao, wamepata kidogo kwa saa, na kazi nyingine imewapita. Dereva naye analipwa kwa safari. Mwenye mashine pekee ndiye mwenye faida ya kwenda taratibu, na ndiye anayesimama pembeni akisema fanyeni hima. Kidole kikipondeka, aliyepondeka anapewa nauli ya hospitali na pole. Tanzania Bara ina Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, uliotokana na sheria ya mwaka 2008 na kuanza kazi mwaka 2015, lakini kijana aliyeitwa kwa kazi ya saa moja hamo kwenye daftari la mwajiri yeyote. Mzigo wa hatari umewekwa juu ya aliye na uwezo mdogo kuliko wote wa kuubeba.

Dawa yake iko mikononi mwa seremala. Ita watu watatu badala ya sita, uwalipe kwa siku nzima, na uwaambie mapema kwamba wakimaliza saa sita mchana malipo hayapungui. Fedha ni ileile. Kinachobadilika ni kwamba hakuna tena anayepoteza kitu kwa kwenda taratibu. Mmoja awe msemaji, na sauti ya kusimamisha iwe haki ya kila mtu, hata yule mdogo kuliko wote. Viatu vya kufunika vidole viwepo kabla ya kazi kuanza. Kandambili zisikanyage eneo hilo.

Mashine ikishavuka mlango, linabaki swali la pa kuiweka, na kwa karakana ya nyumbani swali hilo haliishi. Karatasi ya plaiwudi ya nane kwa nne ina sentimita 244 kwa 122. Ili kuipasua kwa urefu, msumeno unahitaji nafasi ya karatasi nzima mbele yake na nyingine nyuma. Mbao ya mita tatu kwenye randa inataka mstari wa mita sita. Banda la mita nne kwa tano haliwezi kuzipa mashine zote nafasi hizo kwa pamoja. Wengi hukimbilia magurudumu, na kwa msumeno mdogo wa mkanda au mashine ya kutoboa nakubaliana nao, mradi tako lipanuliwe kwanza kwa fremu pana, maana tumeshaona nyuzi 14 zinavyofika haraka. Kwa randa na msumeno wa meza sikubaliani, isipokuwa pale magurudumu yanapoinuliwa wakati wa kazi na mashine ikakaa kwa miguu yake. Mbao nzito inayosukumwa huisukuma na mashine, na breki za magurudumu hulegea polepole bila kusema. Mashine ikisogea kidogo wakati msumeno umo ndani ya mbao, mbao hubana na kurudishwa kwa anayesukuma.

Mbinu inayonipendeza zaidi haigharimu chochote: pangilia msumeno na mlango au dirisha. Mbao ndefu itokee nje, juu ya uzio mfupi au kwenye kichochoro chako mwenyewe, na kimo cha meza ya randa kilingane na cha meza ya msumeno ili moja iwe kipokezi cha nyingine. Anayefikiri hivi kabla ya mashine kufika huisogeza mara moja katika maisha yake.

Umeme naugusa kwa ufupi. Mashine nyingi za viwandani zinataka fezi tatu, volti 400 au 415, na nyumba nyingi zina fezi moja. Kibati cha mota kikionyesha 230/400, fundi umeme anaweza kuifunga upya na kuiendesha kwa inveta inayopokea fezi moja. Kikionyesha 400/690, njia hiyo imefungwa kwa inveta za kawaida, na swali la kubadilisha mota linapaswa kuulizwa kabla ya kulipa. Mota ya fezi tatu inaweza kuzunguka kinyume, na kubadilishana nyaya mbili kati ya tatu huigeuza. Ijaribiwe bila visu na bila mkanda.

Kisha ni sakafu. Saruji ya sentimita kumi iliyomwagwa juu ya udongo ulioshindiliwa hubeba nusu tani bila taabu. Vigae vilivyogongwa vikasikika tupu chini yake havibebi. Weka bati nene au mbao ngumu chini ya kila mguu, sawazisha kwa pima maji pande mbili, urefu na upana, na usikaze boliti za sakafuni hadi meza ipimwe tena, maana boliti inaweza kuupinda mwili wa chuma uliokaa vibaya. Pakaza mafuta meza zote siku hiyo hiyo, kwa sababu hewa ya chumvi huanza kula chuma kilicho wazi usiku wa kwanza. Baada ya wiki mbili rudia kipimo. Kwenye udongo mweusi wa mbuga, unaovimba kwa masika na kupasuka kwa kiangazi, kipimo hicho kirudiwe kila msimu unapogeuka, na vipande vya bati vya kuongezea chini ya miguu vikae kwenye kikopo kando ya mashine.